Hiari ni nini?

Leo tuzungumze juu ya hiari.

Huko Mbale, Wagisu hufanya imbalu, yaani jando, kila baada ya miaka miwili, kama 2022 na 2024. Desturi inataka kijana atangaze mwenyewe kwamba yuko tayari. Lakini akikwepa kisu akahamia Jinja, aibu humfuata huko huko, na wapo waliokamatwa wakatahiriwa kwa nguvu. Basi aliyejitangaza, alichagua? Kusimama bila kutikisika ni kwake. Kukataa hakuachiwa.

Jambo hili linatugusa sisi wakimbizi. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unasema mkimbizi harudishwi kwao bila ridhaa yake. Je, mtu akirudi kwa sababu mgao wa chakula umepunguzwa, hiyo ni hiari?

Kabla hujatia sahihi fomu ya kurudi, jiulize: kama chakula kingetosha hapa, ningeondoka? Jibu likiwa hapana, mwambie ofisa hivyo hivyo, kabla ya kusaini. Mzazi, zungumza na watoto pia. Safari ni yao vilevile.