Mpiga Gitaa wa Vidole Viwili

Leo nataka kuwaelezeni habari za bingwa mmoja wa gitaa aliyekuwako Ulaya, jina lake Jean Reinhardt. Lakini watu wote walimwita Django. Habari zake zawafaa hata wasiopenda muziki, maana zatuonyesha jinsi mtu aliyepatwa na hasara awezavyo kuhesabu kilichobaki mkononi mwake akaanza kazi upya.

Django alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies, nchi ya Ubelgiji. Watu wake ni Waroma, ambao wazee wao walitoka Bara Hindi zamani sana wakaenea Ulaya, na wengi wao walikuwa wakihamahama katika magari ya farasi yaliyojengwa kama nyumba. Alikulia katika magari hayo, pembeni mwa mji wa Paris. Shule hakuipata ila kidogo, na hata alipokuwa mtu mzima kuandika kulimpa taabu. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 12 alipewa banjo, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa akipata riziki yake kwa kupiga katika nyumba za dansi.

Usiku mmoja, mwanzo wa Novemba 1928, alirudi kutoka kazini. Ndani ya gari mlikuwa na maua ya seluloidi aliyoyatengeneza mkewe ili kuyauza, na seluloidi hushika moto upesi mno. Maua yakashika moto wa mshumaa, na mara gari lote likawaka. Wote wawili walitoka wazima, lakini Django aliungua vibaya mguu wa kuume na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, naye akakataa, ukapona. Lakini vidole viwili vya mkono, cha pete na cha mwisho, vilikunjamana visinyooke tena.

Sasa fahamuni jambo hili. Mpiga gitaa hupiga nyuzi kwa mkono wa kuume, na kwa vidole vinne vya mkono wa kushoto huzikandamiza juu ya shingo ya gitaa, apate sauti ya juu au ya chini. Basi Django alikuwa kama seremala aliyenyang'anywa nusu ya vyombo vyake.

Alipokuwa akiuguzwa, ndugu yake Joseph alimletea gitaa. Django akaanza kujifunza tangu mwanzo, kama mtoto, siku baada ya siku, kwa muda upatao mwaka na nusu. Kwa kuwa hakuweza kutandaza vidole vinne, alivipeleka viwili, cha shahada na cha kati, mbio juu na chini ya shingo ya gitaa. Vile vilivyopooza akavitumia kama kulabu, kukandamiza nyuzi nyembamba. Ndipo ikatokea namna mpya ya kupiga, hata wenye vidole vyote wakataka kumwiga.

Mwaka 1931, katika mji wa Toulon, alisikia santuri za Louis Armstrong. Muziki huo wa jazi uliozaliwa na watu weusi wa Marekani ulimshika moyo. Mwaka 1934 yeye na Stéphane Grappelli, mpiga fidla, waliunda kundi la watu watano: magitaa matatu, fidla moja na besi moja, bila ngoma wala tarumbeta. Santuri zao zikavuka bahari.

Vita vilipoanza mwaka 1939 kundi lilikuwa London. Grappelli akabaki Uingereza, Django akarudi Paris. Mwaka 1940 alirekodi wimbo wake mashuhuri, Nuages, maana yake Mawingu. Lakini alikuwa hatarini, maana Wanazi waliwaua Waroma zaidi ya laki mbili katika Ulaya. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi asifaulu. Hata hivyo aliokoka.

Mwaka 1946 alikwenda Marekani kupiga pamoja na kundi la Duke Ellington. Hapo tusimsifu kupita kiasi: hakujali saa, na usiku mmoja huko New York alichelewa mno, watu wakimngoja. Kipawa hakimwondolei mtu wajibu wa kutimiza ahadi.

Mwaka 1951 alihamia Samois-sur-Seine, kijiji cha kando ya mto, akawa akivua samaki. Akafa tarehe 16 Mei 1953, mwenye umri wa miaka 43.

Wasikilizaji, wako wengi waliopungukiwa na kiungo, au na fedha, au na masomo. Wazee wetu walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Django hakurudishiwa vidole vyake; alivitumikisha viwili vilivyobaki mpaka vikatosha. Kila mmoja wetu na atazame vyake vilivyobaki. Kwa herini.