Mji Unapofika Shambani

Msikilizaji, mwaka 2019 iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilifikia mwisho. Sehemu yake ikawa Halmashauri ya Mtama, na eneo la Mchinga likaingia Manispaa ya Lindi. Huku kwetu Likawage, wilayani Kilwa, mji bado uko mbali, lakini somo ni letu pia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ndiyo nguvu ya mkulima: anasimama mkutanoni chini ya mwembe, ananyoosha kidole, anasema mpaka wangu unaishia kwenye ule mkorosho, na jirani anathibitisha. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mkutano ule haupo tena. Anakuja mpimaji na vigingi vyake, shamba linakuwa viwanja.

Barabara na maji ya mji tunavitaka, sana. Lakini ardhi ya kijiji ina faida yake: hapa Kilwa vijiji vinauza mpingo wa misitu yao wenyewe. Haki hiyo isipotee kimyakimya. Wewe usiye na hati ya hakimiliki ya kimila, nenda ofisi ya kijiji ukaiombe sasa.