Punda wa Anayetuchukia



Jina la Kariakoo yetu latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi walibebeshwa mizigo kama wanyama, wakafa kwa njaa na maradhi. Hatuwezi basi kuudharau mgongo wowote ulioelemewa.

Sheria ya Musa (Kut. 23:5) yatuagiza kumsaidia punda aliyelala chini ya mzigo wake, hata akiwa wa mtu anayetuchukia. Hapo mahasimu wawili huinama pamoja.

Mwezi Desemba 2022, hapa Dar es Salaam, wajumbe wa nchi za Afrika walijadili hatima ya punda waliochinjwa kwa ajili ya ngozi, zinazochemshwa huko China kutengenezea dawa. Wengi walikuwa wa wizi. Mama akiibiwa punda, maji na kuni hurudi kichwani pake, na binti yake hukosa masomo. Nchi ikikataza peke yake, biashara huvuka mpaka. Kwa hiyo Februari 2024, kule Addis Ababa, wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo. Mazungumzo ya subira yalimtetea mnyama na mama kwa pamoja.

Lakini mkataba haufungui kamba. Sisi tunaopunja ujira wa msukuma mkokoteni, na kubeba kuku kichwa chini, tuanzie hapo.

Bwana aliyeingia Yerusalemu juu ya mwanapunda atusaidie. Amina.