Kumtembelea Anayeogopa Kuachwa



Wapo kati yetu watu ambao asubuhi humpenda ndugu kupita kiasi na jioni, kwa neno dogo tu, humwona adui. Huogopa mno kuachwa. Wengine hujijeruhi ili kutuliza uchungu wa moyo. Madaktari huuita ugonjwa huu bodalaini. Wengi wetu huuita pepo au ukorofi, nao hunyamaza.

Vidonge peke yake haviuponyi. Tiba yake kuu ni mazungumzo ya muda mrefu. Marsha Linehan, Mmarekani aliyebuni tiba mojawapo, alitangaza mwaka 2011 kwamba naye katika usichana wake alijijeruhi na kulazwa hospitalini. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi waliofunzwa huketi na wenye huzuni kwenye benchi na kuwasikiliza.

Nasi twende wawili wawili, siku na saa ileile, bila kuahidi tusichoweza. Huku kwetu, kuanzia Ndanda hadi Newala, msimu wa korosho hututawanya mashambani. Mgonjwa asiyeambiwa mapema atahesabu kwamba ametupwa. Aambiwe nani atakuja badala yetu, na lini.

Akisema anataka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake; afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hukuhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huweza kuwafanya jamaa wafiche majeraha. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Swali hilo Tume yetu inaweza kuliuliza hapa pia.