Vitabu Vitano Kabla ya Desemba Ijayo

Wenzetu wa Houston mliokaa barabarani saa 4 kuja kula Uhuru na sisi wa Dallas na Fort Worth, karibuni sana. Pilau bado ipo.

Tumeombwa, sisi wauguzi, tuseme machache kuhusu watoto wetu na vitabu. Wengine wameshangaa: kwa nini wauguzi na si walimu? Sababu ni kwamba tunayaona matokeo yake wodini.

Bibi amekuja kumtembelea mwanawe, ameugua, amelazwa. Daktari anaeleza kwamba figo zake zimechoka. Mjukuu wa miaka 12, anayeleta alama za juu kila muhula, ameelewa kila neno la daktari. Bibi anamuuliza, "Amesemaje, mjukuu wangu?" Mtoto anashika kiuno chake mwenyewe, anatafuta neno, halipati. "Bibi, ni kitu cha huku nyuma." Bibi anajua sasa kwamba anaumwa mgongo. Hilo tumeliona zaidi ya mara moja.

Kwanza, wazazi, sikilizeni: hospitali inapaswa kuwaletea mkalimani bila malipo. Ombeni. Msimtwike mtoto mzigo huo. Lakini mkalimani haji nyumbani. Bibi akisharuhusiwa, atakayemsomea karatasi na chupa za dawa saa 2 usiku, wakati sisi tuko zamu, ni huyo huyo mjukuu.

Neno "figo" angelipata wapi? Kiswahili chetu cha nyumbani ni cha jikoni na mlangoni: njoo ule, vua viatu, zima TV, umeoga? Ni kizuri, na ndicho kilichowalea. Ila maneno kama figo, ushahidi, urithi, dhamana, hayapiti sana mezani kwetu. Yanakaa vitabuni.

Wazee waliopo hapa watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kote nchini, redio katikati na kijitabu mkononi. Anayejua kusoma akiwasomea wenzake, kisha wakijadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Miaka miwili kabla yake, kwa miaka 10 ya Uhuru, kulikuwa na vikundi kama hivyo vya Wakati wa Furaha. Nchi changa, yenye madaktari wachache mno, iliamua kwamba kitabu cha Kiswahili ni sehemu ya tiba. Sisi wauguzi hatuoni kwa nini isiwe hivyo Texas.

Sasa ya huku. Watoto wa darasa la 3 hadi la 6, mnaifahamu Texas Bluebonnet Award? Tuzo hii ilianzishwa 1979 na chama cha wakutubi wa Texas, na uzuri wake ni kwamba mshindi hachaguliwi na maprofesa. Wanaochagua ni ninyi. Orodha ina vitabu 20. Ukisoma 5, umepata haki ya kupiga kura. Kura ni Januari, kwa hiyo aliyeanza leo bado ana likizo nzima ya Krismasi. Muulizeni mkutubi wa shule.

Kama yupo. Wenzetu wa Houston wanajua tunachosema. Mwaka 2023, baada ya jimbo kuchukua uongozi wa shule za wilaya ya Houston, ilitangazwa kwamba shule 28 za mpango mpya zitaondolewa wakutubi, na vyumba vya maktaba vitumike kwa kazi nyingine, ikiwemo kuwaweka wanafunzi waliotolewa darasani kwa utovu wa nidhamu. Uongozi ulisema fedha ziende kwenye ufundishaji. Sisi hatukubaliani: mtoto ambaye wazazi wake wote wako kazini Jumamosi hana maktaba nyingine zaidi ya ile ya shule. Na tangu Septemba 2025 sheria ya Texas inataka bodi ya shule ipitishe vitabu vinavyoingia maktaba ya shule, hata vya kupewa bure. Maana yake, tukitaka kuwapelekea vitabu vya Kiswahili, itabidi tuhudhurie mikutano ya bodi. Harusi tunajaza ukumbi. Mkutano wa bodi hatuonekani.

Maktaba za jiji zipo, na kadi ni bure kwa wakazi. Mtoto asiye na kadi hadi leo, mzazi wake atusamehe, tutamfuata.

Kuna kijana aliwahi kutuambia kwamba vitabu vya Kiswahili ni vya zamani tu. Si kweli. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, leo Safal-Cornell, ina jina la chuo kikuu cha hapa hapa Marekani, na mwaka wake wa kwanza riwaya iliyoshinda ilikuwa Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyiza. Nyumbani, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ilianza kutolewa 2023. Naye Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kuondoka akiwa kijana kama walivyoondoka wengi wetu, alipata Nobeli 2021 kwa vitabu alivyoandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya Paradise ilibidi ifasiriwe na Ida Hadjivayanis, ikaitwa Peponi, ndipo shangazi zake wa Kiswahili waweze kuisoma. Vijana wa sekondari, someni zote mbili, ukurasa kwa ukurasa. Mtabishana na mfasiri, na hapo ndipo mtakapojifunza.

Ombi letu kwa chama ni dogo. Tuige Bluebonnet. Mtoto atakayesoma vitabu 5 vya Kiswahili kabla ya tarehe 9 Desemba ijayo apige kura hapa ukumbini, na kitabu kitakachoshinda tukinunue kwa kila familia. Wadogo waanze na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Wasioweza kusoma peke yao wasomewe na bibi kwa simu. Bibi wa Tanga ana muda kuliko sisi, na atafurahi kuulizwa maana ya maneno.

Tumekuja na vitabu 30 kwenye kapu, meza ya karibu na sambusa. Anayechukua aandike jina na simu ya mzazi. Mikono muoshe kwanza, tafadhali, mafuta ya sambusa hayatoki kwenye karatasi.