Kwa Nini Mzigo Hugoma Kuondoka
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mimi si mwalimu. Nilisoma madarasa machache ya misheni, lakini jambo hili nimefundishwa na mgongo wangu.

Siku moja tulipewa kasha lenye mashine ya kukerezea vyuma, uzito wa kilo 600, tulihamishe ndani ya karakana. Tulikuwa watu wanane. Lilipokwisha kuondoka, wawili waliachia, na sita wakaendelea kulisukuma. Msimamizi aliona hayo kwa macho yake. Kesho yake likaja kasha la pili, sawasawa na lile la kwanza, naye akatoa watu sita tu. Likagoma. Tukaambiwa sisi wavivu, mbona jana sita waliweza?

Ndugu zangu, hatukuwa wavivu. Kitu kilichotulia hushikwa na sakafu kuliko kitu kinachokwenda. Ubao na saruji, hata vikionekana laini, vina vinundu vidogo. Vikitulia pamoja vinaumana. Vikiwa mwendoni havipati nafasi ya kuumana vile. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, aliyapima mambo haya, na mwaka 1781 akapewa tuzo na Chuo cha Sayansi cha Paris. Aliona hata kwamba mbao zikikaa muda mrefu hushikana zaidi.

Tufanye hesabu. Tuseme sakafu hushika kasha kwa kilo 300 likiwa limetulia, na kilo 240 likiwa linakwenda. Kila mtu asukume kwa kilo 40. Kuendelea kwataka watu sita. Kuanza kwataka wanane, maana saba ni kilo 280, na kasha halitoki.

Basi siku ile tulitia mtaimbo nyuma, tukabinua kwa hasira. Kasha likaachia ghafula. Nguvu iliyokuwa ikipigana na kilo 300 ikakuta 240 tu, na ile iliyozidi ikalirusha mbele. Mwenzetu aliyekuwa akivuta kamba karibu nalo akavunjika mguu. (Madereva wa treni wanalijua jambo hili: gurudumu likianza kuteleza, reli haishiki tena kama kwanza, ndipo humwaga mchanga.)

Wako wasemao kasha lisimamishwe kwa ubavu mwembamba ili lishikwe kidogo. Si kweli. Kinachoshika ni uzito, upana hauna neno. Afadhali kuinua ukingo kwa mtaimbo na kuingiza vipande vya bomba chini. Hapo kasha linabingirika, na watu wachache wanatosha.

Namwomba Katibu apeleke kwa wakubwa mambo mawili: watu wahesabiwe kwa mzigo uliotulia, na mabomba yawepo karakanani kabla ya kazi kuanza. Na ninyi wa kamba, takeni kamba ndefu, wala mtu asisimame mbele ya kasha.