Asiyekuwapo na Lake Lipo



Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika kesi ya pamoja, sheria yapaswa kuikataa methali hiyo. Twataka kueleza kwa nini, kwani wengi wetu huombwa kutia sahihi madai ya pamoja kuhusu ardhi, mazingira na dhuluma za zamani. Na sahihi ikishatiwa haifutwi kwa machozi.

Nchini Marekani, watu wachache waweza kushtaki kwa niaba ya maelfu waliodhuriwa kwa njia moja. Wakipatana na mshtakiwa, mapatano huwafunga wote, hata yule asiyepata kumwona wakili. Hapo ndipo penye hatari. Mshtakiwa ataka kumaliza kesi kwa bei nafuu. Wakili ataka ujira wake. Wote wawili wako mezani, lakini mjane aliye mbali hana kiti. Kwa sababu hiyo, Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho yasema mapatano hayo si kitu mpaka jaji ayaidhinishe.

Jaji huyatazama kwanza, kisha huagiza wahusika wapewe taarifa. Katika kesi za fidia, kwa kawaida atakaye kujitoa ili adai peke yake hujitoa, na asiyeridhika huruhusiwa kupinga. Halafu jaji huketi hadharani kuwasikiliza. Hutoa idhini akiona kwamba mapatano ni ya haki, yanafaa na yanatosha. Je, wawakilishi na mawakili waliwatetea wote? Je, majadiliano yalikuwa ya kweli, au pande mbili zilikula njama? Je, fidia yatosha ikipimwa na gharama, ucheleweshaji na hatari ya kushindwa? Mawakili watachukua kiasi gani? Je, wahusika wote wametendewa kwa usawa?

Tutazame askari wa Marekani waliopigana Vietnam, waliodai kwamba dawa ya kuua mimea iitwayo Agent Orange iliwadhuru. Tarehe 7 Mei 1984, siku kesi ilipokuwa ianze, kampuni zilizoitengeneza zilikubali kutoa dola milioni 180. Jaji Jack Weinstein alisikiliza maoni katika miji kadhaa, na askari wengi wakapinga. Hata hivyo aliidhinisha, kwa kuwa aliona ushahidi wa chanzo cha maradhi ni dhaifu. Askari na warithi wapatao 52,000 walilipwa, kwa wastani wa dola 3,800 hivi.

Lakini malipo yaliwahusu waliougua au kufariki kabla ya mwisho wa mwaka 1994. Askari mmoja aligundua ugonjwa wake mwaka 1998, akaambiwa madai yake yalimalizwa zamani. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilikataa: hakuwakilishwa ipasavyo, basi hakufungwa. Mwaka 2003 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika sawa kwa sawa, na uamuzi huo ukabaki.

Kwetu, mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipatana na wazee walioteswa wakati wa Mau Mau: pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hiyo haikuwa kesi ya namna ile; kila mdai alikuwa na jina lake katika orodha. Aliyekuwa nje ya orodha hakufungwa, lakini pia hakulipwa. Wengine zaidi ya 40,000 walidai mjini London, na kesi yao ikaanguka mwaka 2018.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mkiletewa karatasi kanisani au barazani, msiulize kiasi cha fedha tu. Ulizeni ni nani hayuko hapa, ni nani anayemsemea, na ni nani atakayepima mapatano haya hadharani. Wakili akichukia maswali hayo, iwekeni kalamu chini.